Zamu ya Mtaa wa Deme

Agbikope, 14 Januari 1996

Babu Kwadzo,

Umeamkaje huko Kumasi? Watu wa kiwandani kwako wameamkaje, na mikono yako imeamkaje? Sisi huku tumeamka. Bibi Abla, dada yako, anasema goti linamsumbua asubuhi tu, mchana linajisahau. Mama anashinda kwenye matuta ya vitunguu, maana visima vinatoa maji kidogo mwaka huu. Kaka Seyram amepata kazi ya kupakia lori, na lori hilo ndilo linalokuletea barua hii juu ya magunia.

Mimi ni Sefakor, mjukuu wa Bibi Abla. Nina miaka kumi na miwili, niko darasa la sita. Hunijui kwa sura, lakini Bibi anasema nina paji la uso lako, kwa hiyo ukijitazama kwenye kioo utakuwa umeniona nusu.

Sasa jambo lenyewe. Shuleni tunafundishwa ngoma ubaoni. Mwalimu Atsu alichora ngoma kwa chaki, tukainakili, tukaandika chini yake, "Ngoma ni chombo cha muziki." Mimi nilipata alama kumi kwa kumi, na sijui kupiga hata pigo moja. Nilisimama nikamwambia Mwalimu hivyo. Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka, akanipeleka kwa Mwalimu Mkuu, Madam Kpodo. Nilidhani nimekwisha. Madam akasema, "Haya. Ijumaa, saa nne hadi saa tano, mnapewa. Siku ya tarehe kumi na tano Machi mtaonyesha mlichojifunza mbele ya shule na wazazi. Kikiwa na maana, kila darasa litapata saa yake ya ngoma kila wiki. Kikiwa kelele, saa inarudi kwenye hesabu."

Babu, tumepewa saa! Chama cha mazishi cha mtaa wetu wa Tsibu kimetuazima ngoma mbili na kengele. Mwalimu tu ndiye hatuna, maana Mwalimu Atsu ni mtu wa milimani, kwao hupiga kwa namna nyingine. Nikamwuliza Bibi nani anajua. Akasema, "Anayejua kuliko wote ni kaka yangu." Nikasema basi nimwandikie aje. Akasema, "Mwandikie. Kuja hatakuja."

Tafadhali mfanye Bibi awe amekosea.

Mjukuu wako anayekungoja,
Sefakor


Kumasi, 2 Februari 1996

Sefakor,

Nimeamka. Mikono imeamka kabla yangu. Vijana wangu wa kiwandani, wote Waasante, wanakusalimu na wanasema mwandiko wako ni mzuri kuliko ngoma zangu. Kwao ngoma huchongwa katika gogo zima. Mimi naunga mbao na pete za chuma kama tunavyofanya kwetu, basi kila mteja akiingia wanamwambia, "Karibu, huyu mzee anauza mapipa." Nimewazoea.

Bibi yako hajakosea. Siji. Nina kazi nyingi.

Lakini saa ya watoto isipotee. Soma hapa polepole. Msiguse ngoma kwa wiki mbili. Anzeni na kengele, na kengele muianze kwa mdomo. Ina mapigo saba, la kwanza kwa sauti ya chini, sita kwa sauti ya juu, na hayapishani sawasawa, yanachechemea kama mtu mwenye mwiba mguuni. Tembeeni mkiyasema mpaka miguu iyajue. Kisha kaeni wawiliwawili, mmoja ampe mwenzake mgongo, naye ampigie mgongoni kwa viganja. Nasi tulifundishwa hivyo. Sikio husahau, mgongo hausahau. Na ngoma yetu huchezwa kwa mgongo, kwa hiyo mtakuwa mmejifunza kupiga na kucheza kwa mpigo mmoja.

Ngoma ndogo kabisa ina neno moja tu, inalirudia bila kuchoka. Mpe mtoto mkaidi. Ngoma kuu muiache. Haina haraka.

Msalimie dada yangu. Goti alikande kwa mafuta ya mawese ya moto.

Kwadzo Ahorlu


Agbikope, 25 Februari 1996

Babu Kwadzo,

Umeamkaje? Waambie Waasante kwamba pipa likipigwa vizuri husikika mbali kuliko gogo. Bibi alikanda goti, akasema mafuta hayasaidii, akakanda tena. Mama amevuna matuta manne. Seyram ameangukiwa na gunia kidoleni na anatuonyesha kidole hicho kila akitaka nyama.

Babu, natamani ungeona! Wiki ya kwanza tulitembea uwanja mzima tukisema kengele. Wadogo wa darasa la kwanza wakatufuata nyuma kama vifaranga, na sasa wanaijua kuliko sisi. Wiki ya pili tukakaa kwa migongo. Mimi nilipangwa na Mansa, ambaye ana mdomo mkubwa kuliko ngoma.

"Mgongo wako ni mifupa mitupu," akaniambia. "Utanivunja vidole."

"Na wako ni godoro. Nikipiga, pigo linalala."

"Piga kwa nguvu basi, liamke."

Nikapiga. Naye akapiga wangu. Babu, kuna wakati niliacha kuhesabu na bado nilikuwa sikosei. Niliogopa kidogo, kama mtu anayegundua kwamba anaelea majini.

Kuna tatizo moja dogo. Mansa na nusu ya darasa ni wa mtaa wa Deme, upande wa bahari, na unajua Deme na Tsibu hawachezi ngoma moja, hata mazishini. Nikiwauliza wakubwa sababu, wananiambia ndivyo ilivyo. Ijumaa iliyopita shangazi yake Mansa alisimama kwenye ua wa shule. Akaita, "Mansa, hiyo ngoma ni ya Tsibu. Umeishika kwa mikono ya nani?" Mansa akajibu, "Kwa mikono ya darasa la sita, Shangazi." Tukaendelea.

Sasa tuna wimbo. Bibi huuimba kwa kuguna akikuna muhogo, na una mwendo mtamu ajabu. Nilimwomba maneno, akasema amesahau. Bibi, ambaye anakumbuka mvua ya siku aliyozaliwa Mama! Basi nikamsikiliza kwa kujificha mpaka nikapata ubeti mmoja:

Kisiki, Kisiki, masikio yako
ni mikono ya chungu cha bamia.
Mkeo akitaka kuipua jikoni,
hukushika wewe, chungu kikaungua.

Tumechekaje! Tunadhani Kisiki ni mtu wa hadithi. Tumetunga na mchezo wake: kwenye neno "masikio" wote tunayavuta masikio kwa mikono miwili tukitikisa mabega. Je, wajua beti nyingine? Tafadhali zitume kabla ya tarehe kumi na tano.

Mjukuu wako mwenye viganja vyekundu,
Sefakor


Agbikope, 17 Machi 1996

Babu,

Nakusalimu, na watu wa kiwandani nawasalimu. Nyumbani wote wazima.

Sikupata barua yako kabla ya Ijumaa, kwa hiyo tuliimba ubeti mmoja tu. Nitakuandikia yaliyotokea kwa mpangilio, kama Mwalimu anavyotaka.

Uwanja ulijaa. Deme walikaa kulia, Tsibu kushoto. Kengele ikaanza, ngoma ndogo ikaingia, ikaingia ya kati, na Babu, tulikuwa sawa. Tulikuwa sawa kabisa. Wazazi wakaanza kutikisa mabega kwenye viti. Kisha tukaimba.

Kwenye mstari wa kwanza wazee wa Tsibu waliacha kutikisa mabega. Kwenye wa pili mzee mmoja nyuma akapiga mbinja na kucheka mpaka akakohoa. Upande wa Deme watu wakasimama. Sisi tukadhani wanafurahi, tukavuta masikio kwa nguvu zaidi, watoto arobaini na mmoja, tukiwa tumemgeukia Madam Kpodo kwa sababu yeye ndiye mgeni wa heshima.

Madam ana masikio makubwa, Babu. Sote tunajua. Hakuna aliyewahi kuyafikiria.

Alisimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Mikono chini." Kisha akaniita.

"Nani amekufundisha huu?"

"Nimeusikia kwa Bibi, Madam."

"Unajua Kisiki ni nani?"

"Ni mtu wa hadithi, Madam."

"Ni jina ambalo baba yangu alijitapa nalo akinywa pombe na wenzake. Wazee wote hapa wanalijua." Akagusa sikio lake, moja tu. "Na haya ni yake."

Ngoma zimefungiwa stoo. Saa imerudi kwenye hesabu. Wazazi wa Deme wamewaambia watoto wao wasikae dawati moja na sisi, na Mansa amehamia mbele. Bibi amegeukia ukuta, haulizwi kitu.

Babu, nani aliutunga wimbo huu?

Sefakor


Kumasi, 18 Machi 1996

Sefakor,

Nilikwenda kaskazini kununua ngozi za paa, nimerudi leo, nimekuta barua yako ya Februari. Tarehe imepita, lakini kama bado hamjauimba, usiuimbe wimbo huo. Chagua wowote mwingine, nimekuandikia mitatu nyuma ya karatasi. Usiniulize sababu. Nampa dereva barua hii sasa hivi, aipeleke mbio.

Kwadzo


Kumasi, 5 Aprili 1996

Mjukuu wangu Sefakor,

Umeamkaje? Hukuandika ulipewa adhabu gani. Nimeisoma hata hivyo.

Niliutunga mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Enzi zetu mitaa miwili ilikuwa ikitukanana kwa nyimbo. Usidhani ni ugomvi wa sokoni. Ilikuwa na sheria zake. Mtaa mmoja unatunga, unafanya mazoezi kwa siri kwa wiki nyingi, kisha unawaalika wa mtaa wa pili. Anayetukanwa huwekewa kiti katikati. Anakaa, anasikiliza mpaka mwisho, na wimbo ukiwa mzuri anainuka anaucheza, ili watu waone kwamba haujamuua. Kisha zamu inahama. Wao nao wanakwenda kutunga.

Mimi nilitunga kwa Tsibu. Kpodo, baba wa Madam wenu, alitunga kwa Deme; yeye alijiita Kisiki, mimi nilijiita Radi. Mgongo niliojifunzia kengele ulikuwa wake, na aliojifunzia yeye ulikuwa wangu. Hakuna aliyenijua vizuri kiasi cha kunitukana kama yeye, na hakuna niliyemtukana kwa raha kama yeye. Siku ya wimbo wa masikio alikaa kwenye kiti, akasikiliza, akainuka kuucheza. Akiwa anacheza, kijana mmoja wa kwetu mwenye pombe kichwani akamvuta sikio kweli. Wimbo unaruhusiwa kugusa. Mkono hauruhusiwi. Ndugu zake wakaruka, ngoma zikapasuliwa, watu wawili wakavunjwa mikono. Wiki iliyofuata wazee wakapiga marufuku nyimbo hizo.

Deme hawakupata zamu yao. Unaelewa? Mimi nilisema, yeye hakujibu. Ningekalishwa kitini, ningejua nisimameje. Bila kiti nilishindwa hata kupita mbele ya nyumba yake. Nikaja huku kutengeneza mapipa. Alipokufa nilipewa habari, nikafunga kiwanda siku tatu, nikawaambia vijana nina homa.

Mwambie Madam Kpodo wewe huna kosa. Mpe barua hii asome.

Kwadzo


Agbikope, 28 Aprili 1996

Babu mpendwa,

Umeamkaje, umelalaje, umekulaje? Bibi ameupa ukuta mgongo na jana alikula ugali wa akple mabakuli mawili. Kidole cha Seyram kimepona, basi haongezewi nyama tena. Mama anakusalimu. Nami nina habari kubwa mpaka kalamu inateleza!

Nilimpelekea Madam barua yako. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi. Nikamwambia nililolifikiria njia nzima: "Madam, kama zamu ni ya Deme, si Deme wajibu tu?"

"Wajibu nini? Baba amekufa."

"Watoto wa Deme watunge jibu. Sisi wa Tsibu tutawapigia ngoma, tutukanwe, yaishe."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alifanya hivyo mara tatu. Kisha akasema, "Hakuna haja ya kutunga. Baba alilitunga. Nilikuwa msichana mdogo, nikilala chumba cha pili, nikimsikia. Nalijua lote."

Babu, jibu lako lipo! Lina miaka thelathini na sita na halijawahi kuimbwa mbele ya mtu.

Nikamwomba anifundishe palepale. Akakataa. Akasema wimbo wa namna hii hauimbiwi kiti kitupu. Anayetukanwa akija akakaa, atafungua stoo, na madarasa yote yatapata saa zao. Asipokuja, ngoma zibaki zilipo. Wazee wa mitaa miwili wakatuma mtu kuuliza kama matusi yaliyokatazwa yanarudi. Madam akamjibu, "Ni somo. Ijumaa, tarehe thelathini na moja Mei, saa nne hadi saa tano. Mkono utakaomgusa mtu, mwenye mkono atanijua. Wazee waje na madaftari." Na wamekubali kuja!

Ametupa beti mbili za kwanza tufanyie mazoezi ya mdomo tu, kwenye madawati. Mansa amerudi kando yangu. Anasema kwa mara ya kwanza maishani anafurahi kuja shule, maana ana ruhusa ya Mwalimu Mkuu kumtukana babu yangu. Ubeti wa tatu Madam ameuweka kwake. Siruhusiwi kukuandikia hata neno. Nitakuambia tu kwamba wa kwanza unahusu miguu.

Kiti tumekipata. Utakuja?

Sefakor


Kumasi, 12 Mei 1996

Sefakor,

Tumeamka sote. Nakutumia kwa lori ngoma ndogo nne, za kimo cha watoto. Waasante wamezipaka mafuta wenyewe na wanadai hazifanani na mapipa, kisha wakagundua kwamba wamenisifu.

Miguu? Mwambie Madam kwamba imenenepa tangu wakati ule, na wimbo hauna tena ushahidi.

Je, kiti kina mgongo au ni kigoda? Bibi yako anasemaje? Je, ni beti tatu tu?

Nina kazi nyingi mwezi huu.

Kwadzo


Agbikope, 5 Juni 1996

Babu Kwadzo,

Umefikaje? Barabara ilikuwaje, na mgongo umefikaje baada ya safari? Tangu uondoke Jumapili Bibi anaimba wimbo mwingine akikuna muhogo, nadhani unaujua, na safari hii haachi neno. Mama anasema uliacha kofia. Seyram ameivaa.

Bibi ananiambia kwamba ulifumba macho tangu ulipokaa mpaka karibu na mwisho. Mimi nilikuwa kwenye kengele, sikukuona usoni. Kama ni kweli, kuna mambo uliyakosa, nami nakuandikia uwe nayo.

Hukuona Deme na Tsibu walivyokaa. Viti vilikuwa vichache kwa sababu walikuja hata watu wa vijiji vya jirani, kwa hiyo hakukuwa na kulia wala kushoto, watu walikaa walipopata. Shangazi yake Mansa alipata nafasi kwenye benchi la Bibi. Hawakusalimiana. Baadaye mmoja alimpa mwenzake machungwa, sikuona nani alianza.

Hukumwona Mansa akisimama mbele yako, mikono kiunoni, akianzisha:

Radi, Radi, miguu ya korongo,
ukipita shambani kwa mjane
mjane hupiga ukunga: "Jamani,
vijiti vya maharage vinatembea!"

Watoto wa darasa la kwanza walianguka chini kwa kicheko, na mmoja akaja kuitazama miguu yako kwa karibu, Mwalimu Atsu akambeba. Kwenye ubeti wa pili, "Radi hunguruma ikiwa mbali, ikikaribia ni mbuzi anakohoa," wazee wa Deme walisimama wote kwa pamoja. Niliogopa, nikakosa pigo moja, Mansa akaliziba pengo kwa kupiga makofi. Lakini walisimama ili wacheze.

Kisha Madam Kpodo akainua mkono, ngoma zikateremka mpaka ikabaki kengele yangu peke yake. Akasogea mbele ya kiti chako. Sijawahi kumsikia Madam akiimba. Sauti yake ni nyembamba, haifanani naye.

Radi, tangu ulipoondoka
watu wananisifu asubuhi na jioni.
Nimechoka na sifa za wajinga.
Nani atanitukana tena vizuri?

Hapo ndipo Bibi anasema ulifumbua macho. Hapo hata mimi nilikuona. Uliinuka, ukasimama kwanza kama mtu aliyesahau alichofuata, halafu mgongo wako ukaanza. Babu, nimejifunza ngoma hii miezi minne na nilidhani naijua. Ulicheza kwa mgongo tu, miguu imetulia, na kila pigo nililopiga nililiona likifika kwako. Nilitamani mkono usichoke. Hakuna aliyekugusa. Mzee aliyepiga mbinja Machi alilia wazi mbele ya watoto.

Uliona mwenyewe stoo ikifunguliwa. Hukuona Jumatatu. Ratiba mpya iko ukutani: darasa la kwanza hadi la sita, kila moja na saa yake ya ngoma, na watoto wa Deme wameleta ngoma mbili za mtaa wao ziungane na zetu na zako. Walimu wa shule ya pili, ng'ambo ya ziwa, wamekuja kuuliza wanaanzaje. Nikawaambia waanze kwa mdomo, wasiguse kitu wiki mbili.

Leo Madam aliniita ofisini. Akasema sheria ni sheria, Deme wameshasema, sasa zamu imehamia Tsibu, na mtunzi wa Tsibu yuko Kumasi. Anataka ujue kwamba muhula wa tatu unaanza Septemba, kwamba kiti safari hii atakaa yeye, na kwamba anaomba usimwonee huruma.

Sefakor